GPS INAJUA ULIPO, LAKINI NANI MWINGINE ANAJUA?

Tumezoea kusikia ati setilaiti "inakuona" popote uendapo. Si kweli. Kifaa cha GPS hupokea tu, sawa na redio ya betri pale nyumbani. Setilaiti hizo ziko juu yapata kilomita 20,200. Kifaa kikizisikia angalau nne, hupiga hesabu na kumwambia mwenyewe: uko hapa. Basi. Ukivunjika mguu mlimani, GPS itakuonyesha barabara mahali ulipolala, na hakuna atakayekuja.

Pengo hilo ndilo wapenzi wa redio huko Marekani walitaka kuliziba. Hawa ni watu wenye leseni ya kuzungumza hewani, si kwa biashara. Mmoja wao, Bob Bruninga, alianzisha mpango uitwao APRS mnamo 1992. Kompyuta ndogo huchukua nambari kutoka GPS, huzigeuza kuwa milio, na redio huirusha hewani pamoja na alama ya leseni ya mwenyewe. Amerika Kaskazini wote hutumia wimbi moja, 144.39 MHz. Vituo vilivyo juu ya vilima husikia na kurudia, mpaka wenzake wanamwona kwenye ramani. Hawahitaji mtandao wa simu.

Siku hizi vyombo hivi vyote hutosha kwenye mshipi. Haikuwa hivyo zamani! Steve Roberts, mpenzi wa redio, aliunda baiskeli ya kompyuta, redio na GPS iliyokuwa na uzito wa zaidi ya kilo 250. Alichapa maneno kwa vitufe vya usukani huku akiendesha, na kofia yake ilikuwa na kioo kidogo mbele ya jicho.

Lakini tusidanganyane, kuna shida. Mawimbi haya hayapiti vizuri katikati ya vilima, kwa hiyo aliye bondeni huenda asisikike. Tena wimbi ni moja: kila mtu akirusha kila sekunde chache, inakuwa kama mkutano ambao wote wanasema pamoja. Na betri ikiisha, alama kwenye ramani hubaki pale ulipoonekana mwisho, si pale ulipo.

Kupokea GPS hakuhitaji leseni. Kurusha kunahitaji, na hapa Kenya inayotoa ni Mamlaka ya Mawasiliano.