Sumu ya nyuki: Uzani pekee hauthibitishi ubora

MFUGAJI wa nyuki wa Njoro, Molo au Marigat ameizoea mizani. Asali huuzwa kwa kilo, nta vilevile. Lakini akiamua kuvuna sumu ya nyuki, mizani haitamtosha. Gramu moja ya unga unaokwanguliwa kwenye kioo huenda ikawa sumu safi, au sumu iliyochanganyika na asali, chavua na unyevu.

Anachotaka kujua mnunuzi ni kiasi cha melitini, kiini kikuu cha sumu hiyo. Melitini ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi za amino, na ina asidi 26. Mpangilio wake ulibainishwa mwaka 1967 na watafiti wa Ujerumani, Habermann na Jentsch. Katika sumu safi iliyokauka, melitini huwa takriban nusu ya uzani wote. Hiyo ndiyo hutoboa utando wa seli na kuchangia pakubwa maumivu ya aliyedungwa.

Mbinu ya kuvuna sumu kwa umeme ilielezwa na watafiti wa Marekani mwaka 1963. Nyaya zenye umeme hafifu hutandazwa juu ya kioo kwenye mzinga. Nyuki anayezigusa hutoa mwiba na kuacha sumu kiooni. Kwa kuwa mwiba haunasi, nyuki hafi. Kila mmoja hutoa kiasi kidogo mno, hivyo maelfu ya nyuki huhitajika kupata gramu moja. Uhaba huo ndio humshawishi mvunaji kukwangua kila kilichoganda kiooni, uchafu ukiwemo.

Maabara hutegua kitendawili hicho kwa kromatografia. Sumu iliyoyeyushwa husukumwa kwa shinikizo kupitia bomba jembamba lililosheheni chembe ndogo. Viambato hushikamana na chembe hizo kwa nguvu tofauti, hivyo hutoka kwa zamu. Kila kinapotoka, humulikwa kwa mionzi ya urujuanimno na mashine huchora kilele kwenye grafu. Kilele cha melitini hulinganishwa na kile cha melitini safi ambayo kiasi chake kinajulikana.

Tuseme miligramu moja ya unga imeyeyushwa katika mililita moja ya maji. Kipimo kikionyesha miligramu 0.5 za melitini, unga huo una asilimia 50. Kikionyesha 0.3, ni asilimia 30 tu, na mwuzaji ana maswali ya kujibu. Sukari ya asali haionekani vyema chini ya mionzi hiyo, lakini huongeza uzani, na kwa hivyo asilimia ya melitini hushuka.

Hata hivyo, asilimia ndogo si ushahidi wa udanganyifu. Nyuki aliyetoka tu kwenye sega huwa na sumu kidogo, nayo huongezeka kadiri anavyokomaa. Majira ya mwaka pia huathiri viwango. Vilevile, asilimia kubwa haitoshi kuthibitisha usalama. Vimeng'enya vilivyomo huharibika kwa joto, ilhali unyevu na vijidudu huhitaji vipimo vyake.

Usahihi huu si anasa. Wagonjwa wenye mzio wa nyuki hutibiwa kwa sumu hiyohiyo, wakianza na dozi ndogo mno inayoongezwa polepole. Dozi isiyojulikana nguvu yake yaweza kumuua mgonjwa huyo.

Kwa wafugaji wa Bonde la Ufa, ambako Chuo cha Kilimo cha Baraka mjini Molo hufunza ufugaji wa nyuki, tahadhari huanzia mzingani. Kioo kiwe safi, unga ukaushwe kivulini na kuhifadhiwa penye baridi katika chupa isiyopitisha mwanga. Kila chupa iandikwe tarehe na mahali sumu ilikovunwa. Vyama vya ushirika vinaweza kuchangia gharama ya kupima sampuli kabla ya mapatano ya bei, ili mfugaji aliyevuna kwa uangalifu asilipwe sawa na aliyekwangua uchafu.