Kiingereza tunakijua, kwa nini mtihani unatushinda?

Kwa wiki sita hivi mwaka jana niliamshwa saa kumi na moja alfajiri na dadangu akiongea na ukuta. Tunaishi pamoja kwenye bedsita Kahawa West, kwa hivyo hakuna pa kukimbilia. Yeye amesimama, simu mkononi, anaueleza ukuta kuhusu kitu alichowahi kupoteza. Kwa Kiingereza. Simu inalia, dakika mbili zimeisha, anavuta pumzi, anaanza mada nyingine: jirani anayemheshimu. Nje, makanga wa kwanza ndiyo ameanza kuita watu wa tao.

Dadangu ni muuguzi. Amefundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, akafanya KCSE kwa Kiingereza, akasomea uuguzi kwa Kiingereza, na kila zamu anaandika ripoti za wodini kwa Kiingereza hicho hicho. Lakini ili NMC, baraza linalosajili wauguzi na wakunga Uingereza, limkubali, ni lazima athibitishe kwamba lugha hiyo anaijua. Mara ya kwanza alipofanya IELTS alipata 7.5 Kusikiliza, 7 Kusoma na 7.5 Kuzungumza. Kuandika akapata 6. NMC inataka 7 katika hizo tatu za kwanza na 6.5 katika Kuandika. Yaani nusu alama.

Alikaa kitandani na ile simu kwa muda mrefu sana, halafu akaniuliza, "Kwani nimekuwa nikiandika nini miaka hii yote?"

Si yeye peke yake. Utakumbuka 2021, Kenya na Uingereza zilipotia saini mkataba wa wahudumu wetu wa afya kwenda kufanya kazi huko. Miezi michache baadaye Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, akafichua kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, ni 10 tu waliopita. Mitandaoni watu walicheka. Ati Wakenya, hao hao wanaochekelea Kiingereza cha majirani, wameangushwa na Kiingereza. Mimi pia nilicheka. Sikuwa bado nimeona mtihani wenyewe.

Sasa nimeuona, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikishika saa. Na maoni yangu ni kwamba wengi wetu hatuanguki kwa kukosa Kiingereza. Tunaanguka kwa sababu tunaingia tukidhani ni KCSE nyingine.

Hebu kumbuka karatasi zako za Kiingereza. Kuna 101/1, ambayo ina sehemu ya stadi za kuzungumza. Ulizijibu vipi? Kwa kalamu. Uliandika kwenye karatasi vile ungeongea kama ungeongea. Hakuna mtahini aliyeketi mbele yako akakuuliza swali akusikie. Hakuna aliyekuchezea sauti ya mtu mara moja tu kisha akakuuliza amesema nini. Mtu anaweza kutoka shule ya upili na A ya Kiingereza bila kufungua mdomo hata mara moja kwenye mtihani huo. IELTS ina sehemu nne, na mbili kati yake ni sikio na mdomo.

Tuanze na mdomo, kwa kuwa ndio ulioninyima usingizi. Mahojiano huchukua dakika 11 hadi 14. Katikati unapewa kadi yenye mada, unapata dakika moja ya kujiandaa, kisha unaongea peke yako hadi dakika mbili. Dakika mbili zinasikika kama mchezo. Weka simu sasa hivi, ongea kuhusu safari moja uliyowahi kufanya, kwa Kiingereza kitupu. Kufikia sekunde ya 40 utakuwa umeshafika, umekula, umerudi nyumbani, na huna la kusema. Tena sisi wa Nairobi tumezoea sentensi moja ibebe lugha tatu. Ukibanwa, "si" na "ati" zinajileta zenyewe.

Dawa aliyoipata dadangu ni kujirekodi, halafu kujisikiliza. Hii ya pili ndiyo chungu. Siku ya kwanza aligundua amesema "actually" mara 11 ndani ya dakika mbili. Alikasirika, akafuta rekodi, akarudia. Baada ya wiki mbili zilikuwa zimebaki mbili tatu, na hizo hazimuui mtu.

Kitu kingine: acha tweng. Kuna watu wanalipa pesa wafundishwe kuongea kama mtu wa London. Kinachopimwa ni kama unatiririka na unaeleweka, upana wa msamiati wako, sarufi yako, na kama matamshi yako yanasikika vizuri. Lafudhi yako ya Meru au ya Kisumu haina kesi. Ya kuigiza ndiyo inayokuchanganya ulimi halafu mtahini hasikii kitu.

Sikio nalo lina mitego yake. Ni maswali 40 kwa karibu nusu saa, na rekodi inachezwa mara moja pekee. Wanaoongea wanaweza kuwa Waingereza, Waaustralia, watu wa New Zealand au wa Amerika Kaskazini. Mtu anasema miadi ni Jumanne, sekunde tatu baadaye anajirekebisha, hapana, Alhamisi. Kama ulikuwa umeshaandika Jumanne na ukapumzika, umeliwa. Maagizo yakisema usizidishe maneno mawili, ukaandika matatu, jibu lako halina alama hata kama ni sahihi kiasi gani. Na tahajia inahesabiwa. Tulikuwa tukifanya zoezi moja la kitoto tukipika: mimi namsomea nambari za simu na majina ya mitaa herufi kwa herufi, haraka, mara moja, yeye anaandika. Mwanzoni alikuwa akikosa sana. Hebu jaribuni nyumbani, mtashangaa jinsi herufi za Kiingereza A, E na I zinavyowasumbua.

Kusoma nitapita haraka. Ni saa moja, makala matatu marefu, maswali 40. Mtego mkubwa ni yale maswali ya kuamua kama kauli ni kweli, si kweli, au haikutajwa. Hilo la tatu ndilo linalotumaliza. Dadangu alikutana na zoezi la mambo ya afya, akaona kauli ambayo anajua ni kweli kwa sababu ndiyo kazi yake, akaweka kweli. Kumbe makala hayakuisema popote. Mtihani huo haukuulizi unachojua. Unakuuliza kilichoandikwa pale.

Haya, Kuandika, mahali palipotuumiza. Una dakika 60 na kazi mbili. Kwa walio kwenye mtihani wa kitaaluma, kama wauguzi na wanaoenda chuo, ya kwanza ni kueleza grafu, jedwali, ramani au mchoro kwa maneno yasiyopungua 150. Ya pili ni insha ya hoja ya maneno yasiyopungua 250. Ya pili ina uzito maradufu, na ushauri ni uipe dakika 40. Dadangu alipojipima kwa saa kwa mara ya kwanza, alitumia dakika 35 kwenye grafu. Alisema ilimkumbusha chati za wodini, akaanza kuichambua kama mgonjwa. Insha ikabaki imekatika katikati ya aya.

Kosa la pili lilitoka darasani. Alikuwa amelipia darasa la jioni huko mjini, na huko wakawakaririsha sentensi za kufungulia na kufungia insha, ndefu, tamu, zinazoingia kwenye mada yoyote. Shida ni kwamba sentensi inayoingia kwenye mada yoyote haisemi chochote kuhusu mada yako. Mtahini anatazama kwanza kama umejibu swali. Swali likiuliza unakubali kwa kiasi gani, ni lazima useme msimamo wako, na uutetee. Dadangu alikuwa akiandika faida aya moja, hasara aya moja, kisha mwishoni anasema kila kitu kina pande mbili. Vizuri kabisa kwa mdahalo wa shule. Lakini swali liko pale, halijajibiwa.

Na sisi tuna ule urithi wa insha za shule ya msingi: jua lilikuwa likiwaka, ndege wakiimba, methali hapa na pale. Tulipewa alama kwa kupamba. Huku ukipamba sana unajiangusha, kwa sababu neno kubwa lililokaa vibaya linahesabiwa kosa.

Kilichomsaidia hakikuwa kuandika insha nyingi. Jirani yetu wa ghorofa ya tatu ni mwalimu. Tulimwomba asome insha moja tu kila Jumapili. Alikuwa akiirudisha na kalamu nyekundu kila mahali, na kando ameandika swali lile lile: "Umesema nini hapa?" Dadangu anairudia insha hiyo hiyo Jumanne, tena Alhamisi. Insha moja mara tatu. Ilimchosha, lakini ndipo alipoanza kuyaona makosa yake mwenyewe kabla ya mwalimu kuyaona.

Vitabu hatukununua vingi. Tovuti rasmi ya IELTS na ile ya British Council zina mazoezi ya bure, na bando za usiku zilitutosha. Kama una karatasi mbili tatu za mazoezi, usizimalize kwa siku moja ukiwa umelala kitandani ukisimamisha saa kila ukipigiwa simu. Keti mezani, zima simu, fanya saa zote mfululizo. Uchovu pia ni sehemu ya mtihani.

Nasisitiza mazoezi kwa sababu ya pesa. Ada ya kufanya IELTS hapa Kenya inazidi Sh20,000 kila unapoketi. Kwetu hiyo ni zaidi ya kodi ya miezi miwili. Mara ya kwanza mamangu alitoa kwenye chama chake, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwa simu kwamba imekosekana nusu alama. Nafikiri wengi wanalipia tarehe kwanza, eti presha ya tarehe itawasukuma kusoma. Mimi ningefanya kinyume: ukipata alama unazotaka mara mbili tatu nyumbani, kwa saa, ndipo ulipe.

Ni pesa hizo hizo zinazowaleta wale wa Telegram na WhatsApp wanaouza cheti bila kuketi mtihani, au karatasi "iliyovuja". Achana nao. Chuo au mwajiri anayepokea matokeo anayathibitisha moja kwa moja kwenye mfumo wa wenye mtihani. Utakuwa umepoteza pesa, na jina lako limechafuka mahali unapolihitaji.

Je, ni haki kututahini? Katiba yetu, kifungu cha 7, inataja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Orodha ya serikali ya Uingereza ya nchi ambazo watu wake hawaombwi cheti cha Kiingereza ina Jamaica, ina Malta, lakini haina hata nchi moja ya Afrika. Nigeria, vijana wa kundi la Policy Shapers walianzisha kampeni mwaka wa 2021 kupinga jambo hilo, na mimi niko upande wao. Inaudhi kulipa ili kuthibitisha lugha ambayo ulichapwa shuleni kwa kutoizungumza. Ila dadangu alinijibu vizuri siku niliyokuwa nikilalamika sana. Alisema, "Wewe andamana, mimi niandike insha."

Akaketi mara ya pili, pesa hizi zikiwa za mkopo wa sacco. Matokeo yalipotoka, Kuandika 6.5. Alipiga kelele mpaka jirani akagonga mlango. Kisha akashuka chini kwenye skrini. Kusoma: 6.5. Mara ya kwanza alikuwa na 7.

Sijawahi kumwona amenyamaza vile. Kesho yake alikuwa ameanza kutafuta tarehe ya tatu na mtu wa kumkopesha. Ni mwenzake wa wodini, kwenye kundi la WhatsApp, aliyemuuliza kama amesoma masharti ya NMC yote au ameishia kwenye alama. Kumbe baraza hilo linakubali kuunganisha matokeo ya mitihani miwili iliyofanywa ndani ya miezi 12, mradi kila alama inayohitajika ifikiwe katika mmoja wao, na usishuke chini ya 6.5 katika Kusoma, Kusikiliza na Kuzungumza, wala chini ya 6 katika Kuandika. Tulitoa karatasi zote mbili tukaziweka kitandani. Kuandika 6.5 ya sasa. Kusoma 7 ya kwanza. Hizo nyingine zilikuwa sawa pande zote. Miezi saba katikati. Tulihesabu kwa vidole, tukarudia.

Alimpigia mamangu usiku huo huo, na kwa mara ya kwanza akamsimulia hadithi yote, kuanzia ile nusu alama.

Bado hajaondoka. Kuna mtihani wa kompyuta wa NMC, kuna makaratasi, na ukifika Uingereza kuna mtihani mwingine wa vitendo. Huo ndio ameanza kuujaribu sasa. Saa kumi na moja alfajiri nasikia akijitambulisha kwa upole, anauliza ukuta jina lake na tarehe ya kuzaliwa, kisha anauomba ruhusa aupime presha.