Jiko la mkaa chumbani: hatari ambayo pua haiwezi kuinusa

Juni hadi Agosti baridi ya Lushoto hukaza, na familia nyingi huingiza jiko la mkaa chumbani ili watoto walale kwenye joto. Wazazi huniambia, "Daktari, tunasubiri kwanza moshi uishe." Moshi huisha, lakini hatari hubaki.

Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo ubongo na moyo hukosa oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika na usingizi mzito. Wengi hudhani ni malaria. Shuku gesi ikiwa waliolala chumba kimoja wanaumwa pamoja bila homa, na hupata nafuu wakitoka nje.

Vipo vifaa vinavyoitambua gesi hii. Baadhi hutumia oksaidi ya bati, ugunduzi ambao Mjapani Naoyoshi Taguchi aliuombea hataza mwaka 1962. Oksijeni ya hewani hunasa elektroni juu ya oksaidi hiyo, umeme ukapita kwa shida. Kaboni monoksaidi ikifika huiondoa oksijeni hiyo, umeme hupita kwa urahisi na king'ora hulia. Siku hizi watafiti hutengeneza nyaya za oksaidi hiyo, nyembamba kuliko unywele kwa mamia ya mara, ili sehemu kubwa iguswe na hewa. Huongeza paladiamu kidogo ili zihisi gesi mapema, kisha huzikagua kwa hadubini ya elektroni kuona kama imesambaa vizuri.

Lakini usisubiri kifaa. Jiko libaki nje hata kama mkaa umeshika vizuri. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Walaze watoto na nguo nzito na mablanketi. Mjamzito awe mwangalifu zaidi, kwani gesi humfikia mtoto aliye tumboni.

Ukimkuta mtu amelegea, mtoe nje haraka na umwahishe kituo cha afya akapewe oksijeni. Mweleze mhudumu kwamba mlilala na jiko, kwa sababu kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kinaweza kuonyesha kwamba yote ni sawa wakati mgonjwa yuko hatarini.