KUCHORA NDOVU NYUMA YA KIOO

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Tangu siku ya maonyesho ya chama chetu, wenzangu wengi wameniuliza swali moja: ile picha ya ndovu ilipakwa juu ya kioo au ndani ya kioo? Mwalimu mmoja hata aliikwaruza kwa ukucha, akashangaa kuona rangi haitoki. Basi nimeonelea heri niwajibu nyote mara moja katika jarida letu.

Jawabu ni kwamba haikupakwa juu wala ndani. Ilipakwa nyuma. Kioo ninachosema ni kile cha dirisha, si kile cha kujitazamia unapochana nywele. Mchoraji hupaka rangi upande mmoja, kisha hukigeuza kioo, na watu hutazama kutoka upande wa pili ambao haukuguswa na brashi. Ndiyo sababu picha hung'aa kama iliyo ndani ya maji. Hata vumbi letu la Mwatate, ambalo sote tunalijua, hupanguswa kwa kitambaa tu na rangi isidhurike.

Sanaa hii ni ya zamani wala sikuianzisha mimi. Huko Senegali mafundi wamechora hivi kwa zaidi ya miaka mia moja, mwanzoni sana sana picha za dini, baadaye watu na maisha ya kila siku. Hapa Afrika Mashariki picha za wanyama zilizopata sifa kubwa ni za Tingatinga, nazo hazikupakwa kwenye kioo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini mwa Tanzania, alianza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka wa 1968, akitumia ubao mwembamba na rangi ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka wa 1972, miaka minne tu baadaye, lakini wanafunzi wake waliendelea na kazi. Namtaja kwa sababu rangi ninayotumia ni ya jamii ile ile: rangi ya mafuta ya kung'aa, inayouzwa kwa mikebe midogo pale panapouzwa misumari na mabati. Rangi ya maji tunayotumia shuleni haifai. Hushika kioo siku mbili tatu kisha hubanduka kama magamba ya samaki.

Sasa kazi yenyewe. Mjomba wangu ni fundi wa madirisha hapa mjini, na vipande anavyobakiza ndivyo karatasi yangu. Kioo cha milimita 3 kinatosha. Kingo zake ni kali kuliko wembe, kwa hiyo kwanza nazisugua kwa msasa uliolowa maji. (Nina kovu la siku niliyojifanya mjuaji.) Kisha nakiosha kwa sabuni na kukikausha, na kuanzia hapo siugusi uso wake kwa vidole tena, maana kidole huacha mafuta na rangi haishiki mahali hapo.

Hapo ndipo kichwa huanza kuuma. Kwenye karatasi sisi huanza na vitu vya mbali: mbingu, milima, halafu mnyama, na mwisho kabisa jicho lake. Kwenye kioo mambo hupinduka chini juu. Kinachopakwa kwanza ndicho kitakachokaa mbele daima. Kwa hiyo naanza na kope za ndovu, na kile kinukta cheupe cha mwanga kilicho jichoni. Vikikauka, napaka weusi wa mboni nyuma yake, kisha kahawia. Makunyanzi ya ngozi hupakwa kabla ya ngozi yenyewe. Nyasi hupakwa kabla ya miguu. Ikiwa yangeyange amesimama ubavuni mwa ndovu, ndege hutangulia, na ndovu huja baadaye kumbeba! Mlima Kasigau huja karibu na mwisho, na mbingu ndiyo hufunga kazi.

Ukisahau kitu umesahau. Niliwahi kumaliza ndovu mzima, nikageuza kioo, kumbe sikumpa pembe. Nikijaribu kuziongeza, zilijificha nyuma ya ngozi, zisionekane kabisa upande wa mbele. Dawa ilikuwa wembe tu: kukwangua mdomo na shavu lote na kuanza upya. Si mchezo.

Subira nayo yahitajika. Kila tabaka la rangi lazima likauke usiku mzima, na majira ya mvua hata siku mbili. Ukipaka nyingine juu ya ile mbichi, ya kwanza hulainika na kukunjamana. Mara ya kwanza nilifurahi, nikafikiri eti ngozi ya ndovu imejitengeneza yenyewe. Lakini wapi! Asubuhi ilikuwa imepasuka pasuka. Siku hizi ndovu mmoja hunichukua zaidi ya wiki, tabaka moja kila jioni baada ya kumaliza kazi ya mwalimu.

Kuhusu rangi ya mnyama mwenyewe, vitabuni ndovu ni wa kijivu. Wetu wa Tsavo ni wekundu, kwa sababu hujirushia vumbi na kugaagaa katika matope ya udongo huu wetu wenye chuma. Nilipochanganya rangi nyekundu na kahawia alitokea ndovu kama tofali. Mwishowe nilichota udongo wenyewe kando ya barabara, nikausaga, nikauchekecha kwa kitambaa chepesi, nikauchanganya na vanishi. Ndiyo ile rangi mliyoiona.

Na yule ndovu mliyemwona si wa kubuni. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti yetu imo ndani ya mbuga za Tsavo zilizotengwa mwaka wa 1948, na ndovu hana habari mpaka uko wapi. Mwaka jana, mahindi yakiwa yamebeba, dume mmoja aliingia shambani kwa nyanya yangu usiku. Nyanya alipiga debe, akapiga mayowe, majirani wakaja na tochi. Dume hakujali. Kulipokucha mahindi yalikuwa yamelazwa kama mikeka. Jirani mmoja alimpiga picha kwa simu alfajiri, askari wa wanyamapori wakimsukuma kwa gari arudi mbugani. Ana pembe moja nzima, na nyingine imevunjika katikati.

Nilichapisha picha ile mjini, nikailaza chini ya kioo, nikafuatisha mistari. Nikafanya kazi yangu siku tisa. Niliipeleka kwa nyanya nikiwa nimetoa kifua. Alivaa miwani, akatazama kwa muda, akasema, "Siye huyu."

"Ni yeye, nyanya. Si unaona pembe?"

"Mjukuu wangu, aliyekula mahindi yangu amevunjika pembe ya mkono wa kulia. Huyu amevunjika ya kushoto. Huyu ni mwingine, usimsingizie."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimefuatisha picha sawasawa, lakini kioo kinapogeuzwa, kulia huwa kushoto. Hata ukiandika jina lako bila kukumbuka hilo, litasomeka kinyume.

Kwa ndovu wa kumuuzia mtalii, mtu angesema si neno. Mimi nakataa. Ndovu hutambuliwa kwa pembe na masikio, jinsi sisi tunavyotambuana kwa sura. Wanaowafuatilia mbugani hutazama umbo la pembe na mipasuko ya masikio. Hata ndovu asiyevunjika huwa na pembe moja anayoipendelea kuchimbia na kubandulia magome, jinsi sisi tunavyopendelea mkono mmoja, na pembe hiyo huchakaa ikawa fupi kuliko mwenzake. Satao, dume wa Tsavo Mashariki aliyeuawa na majangili kwa mshale wa sumu mwaka wa 2014, alijulikana mbali kwa pembe zake ndefu zilizokaribia kugusa ardhi. Leo amebaki kwenye picha tu. Anayemgeuza kulia kushoto amechora mnyama ambaye hakuwahi kuwako.

Kurekebisha ni rahisi ukishajua. Nilibandika ile picha dirishani mchana, nikaweka karatasi nyembamba juu yake, nikafuatisha kwa penseli ya wino mzito. Kisha nikaigeuza karatasi na kuilaza kifudifudi chini ya kioo kipya. Mistari ilionekana kwa nyuma, ikiwa kinyume tayari. Kioo kilipogeuzwa, kila kitu kikarudi mahali pake.

Nikampelekea nyanya tena. Safari hii hakuvaa hata miwani.

"Ndiye," akasema. Akakigeuza kioo, akaona nyuma mabaka matupu ya rangi, akakirudisha. "Unamuuza?"

Nikamwambia mchuuzi mmoja wa vinyago kule Voi ameahidi shilingi 800.

"Basi huyu ana deni langu. Ukimuuza, mahindi yangu kwanza, rangi zako baadaye."

Nilimuuza. Nilimnunulia nyanya gorogoro tatu za mahindi, na zilizobaki nikanunua mikebe miwili ya rangi na brashi. Nyanya anasema deni bado halijaisha, kwa hiyo huenda nikamchora tena dume yule likizo ijayo. Yule wa kwanza, asiye na hatia, ndiye mliyemwona kwenye maonyesho.