Kwa nini sungura wawili hugombana kizimbani?

Mkazi wa Lumino, mji mdogo ulio kwenye barabara itokayo Busia ya Uganda kuelekea Majanji kando ya Ziwa Viktoria, anaponunua sungura wawili huenda akaambiwa kuwa ni ndugu wa uzao mmoja, hivyo watapatana. Kwa miezi mitatu hivi maneno hayo huonekana ya kweli. Kisha asubuhi moja hukuta manyoya yametapakaa kizimbani na mmoja amejeruhiwa sikio au, ikiwa wote ni madume, korodani. Dume aliyeng'atwa hapo anaweza asizalishe tena, na fedha zilizotarajiwa kutoka kwake zimepotea.

Huo si ukorofi. Sungura wa hadithi zetu, yule mjanja anayemshinda fisi, ni mnyama mwingine: huishi peke yake porini wala hachimbi shimo. Huyu wa kufugwa asili yake ni Hispania na Ureno, ambako jamaa zake wa porini huishi kwa makundi chini ya ardhi, kila kundi likiwa na wakubwa na wadogo. Basi anahitaji mwenzake, lakini lazima kwanza ijulikane nani mkubwa. Porini aliyeshindwa hukimbia. Kizimbani hana pa kukimbilia.

Jozi inayopatana kwa urahisi zaidi ni jike na dume aliyehasiwa. Dume huyo atengwe kwanza kwa wiki zipatazo sita, kwani bado anaweza kuzalisha. Dume asiyehasiwa hafai kukaa na jike daima: mimba huchukua takribani siku 31, na jike huweza kushika nyingine siku ileile anayozaa. Ndiyo maana wafugaji wa biashara humweka kila mkubwa kizimbani mwake, na wakati wa kupandisha humpeleka jike kwa dume. Dume akiingizwa kwa jike, jike hulinda makao yake kwa meno.

Wageni wasichanganywe ghafla. Wawekwe katika vizimba vinavyokaribiana, pasipo nafasi ya kung'atana, na nyasi za kulalia zibadilishwe kila siku ili kila mmoja azoee harufu ya mwenzake. Baada ya wiki mbili hivi wakutanishwe mahali ambapo hakuna aliyewahi kuishi, kwa dakika chache, mfugaji akiwapo. Kufukuzana kidogo na kupandana ni kawaida. Wakianza kuzungukana kwa kasi huku wakiumana, watenganishwe kwa ufagio au taulo nene, si kwa mikono mitupu. Wakirambana vichwa, kazi imekaribia kwisha.

Kizimba cha pamoja kiwe na vyombo viwili vya chakula, viwili vya maji, na maficho yenye milango miwili. Na mmoja akipelekwa kwa daktari wa mifugo, mwenzake aende naye. Akirudi peke yake na harufu ya dawa, anaweza kupokelewa kama mgeni.