Usukani u Omoni: Tairi la Mbele Katika Mchanga wa Ukambani

Sisi watu wa pwani tumezoea chombo chenye usukani tezini. Nahodha hukaa nyuma, na omo hufuata atakavyo yeye. Yamkini ndiyo sababu nikaikosea pikipiki, ambayo usukani wake u omoni.

Kijana wa dada yangu hufanya kazi ya bodaboda mjini Wote, Makueni. Kazi hii ilienea mno nchini Kenya baada ya mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo zisizofika sisi 250. Siku moja akanipigia simu: "Shikamoo mjomba. Matairi yote mawili yamekwisha, nisaidie." Nikampelekea fedha za tairi moja, na juu yake nikampa wasia ambao hakuniomba: "Litie nyuma, ndiko kuliko na mzigo. La mbele livumilie."

Hakunipinga, kwani mimi ni mjombawe. Haikutimia wiki mbili, akivuka mto mkavu amempakia mama mmoja na gunia lake la ndengu, gurudumu la mbele likapinduka mchangani. Kijana akachubuka magoti. Mama wa watu akavunjika mkono.

Nikafunga safari. Mito ya huko, kama Thwake na Kaiti upande wa Makueni, na Tiva upande wa Kitui, hukauka sehemu kubwa ya mwaka ikabaki mchanga mtupu. Maji yamo chini yake, na wenyeji huyafukua kwa majembe. Siku hizi iko lami kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui, lakini ukiiacha tu unakutana na changarawe, mchanga na miba ya migunga. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka kutoka bara hilo kwa miguu, ikileta pembe za ndovu Mombasa. Mguu huujua mchanga. Tairi hapana budi lichaguliwe.

Fundi mmoja mzee aliniketisha juu ya debe akanisomesha. La nyuma, alisema, kazi yake ni kusukuma. La mbele ndilo linaloongoza. Tena ukishika breki uzito mwingi huja mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi. Tairi la nyuma likiteleza, dereva hodari aweza kujiokoa. La mbele likiteleza, mara nyingi ameshaanguka kabla hajajua.

Akanionyesha namba ubavuni. Ukiona 2.75-17, ya kwanza ni upana na ya pili ni kipimo cha rimu, zote kwa inchi. Usipachike pana kuliko ilivyoagizwa kwa kutaka sura. Kiko na kimshale kinachoonyesha upande wa kuzungukia. Ziko pia tarakimu nne za siku ya kuzaliwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa dukani miaka mingi huwa gumu likapasuka nyufa, ijapokuwa meno yake mapya.

Na meno yenyewe? Yenye mifuo mirefu ya kuzunguka hushika njia vizuri, hasa kwenye lami. Yenye vidonge vilivyoachana huuma tope na changarawe, lakini juu ya lami hutetema na kwisha upesi. Anayekwenda kote kote achague la kati.

Hata zile pikipiki za mashindano zenye magurudumu manne hufuata kanuni hiyo. Tairi lao la mbele mara nyingi huandikwa 21x7-10, yaani kimo inchi 21, upana 7, rimu 10. Wanaokimbia katika vilima vya mchanga hutia nyuma matairi yenye mabapa kama makafi ya mtumbwi, na mbele yenye mstari ulioinuka mfano wa mkuku wa jahazi. Nyuma kasia, mbele mkuku! Mpwani gani asiyefahamu hapo?

Nikanunua tairi la mbele. Kisha tukaenda, mimi na kijana, kumjulia hali yule mama. Nikamweleza kwamba kosa halikuwa la dereva. Lilikuwa la mjomba aliyetoa fatwa katika elimu asiyoijua. Tukagharimia matibabu yake. Alinyamaza kitambo, mkono wake shingoni, kisha akamwuliza kijana, wala si mimi: "La mbele umebadilisha?"

"Nimebadilisha, mama."

"Basi nikipona utanipeleka sokoni. Ndengu zangu bado ziko hapa."

Tuliporudi, mimi nilikaa nyuma. Safari hii nilinyamaza.