Hofu na Kipaji: Jinsi Mwili Unavyojifunza Kuthubutu

Katika kila shule ya sekondari wapo wanafunzi wachorao picha nyuma ya madaftari yao na kuzificha, watungao mashairi wasiyomsomea mtu, au waimbao vizuri wakiwa peke yao lakini hukaa kimya kwaya inapotafuta sauti mpya. Wapo pia watu wazima ambao kwa miaka mingi wametamani kushika patasi, brashi au zumari, na kila mwaka huahirisha. Aghalabu husemwa kwamba watu hao hawana moyo. Kauli hiyo haielezi kitu, tena huwadhuru wanaosemwa, maana huwafanya waamini kuwa wamezaliwa na upungufu usioondoleka. Makala hii itaeleza hofu ni nini kwa mtazamo wa elimu ya viumbe, kwa nini humzuia mtu asianze kazi mpya ya ubunifu, na ni kwa njia zipi imeonekana kupungua.

Hofu ni ulinzi

Wahenga walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hii inatukumbusha kuwa hofu ni chombo cha kulinda uhai. Mnyama asiyemwogopa chui haishi siku nyingi.

Ndani ya ubongo, kila upande, ipo sehemu ndogo yenye umbo la lozi iitwayo amigdala. Sehemu hii hupokea habari kutoka katika macho, masikio na milango mingine ya fahamu. Ikitambua dalili ya hatari, amri hupita katika neva hadi kwenye tezi za adrenali zilizo juu ya mafigo, nazo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Hapo moyo hupiga kwa kasi, ini hutoa sukari, njia za hewa mapafuni hupanuka, na damu nyingi huelekezwa kwenye misuli mikubwa. Kazi ya kusaga chakula hupungua na kinywa hukauka. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, aliyaeleza mabadiliko haya katika kitabu chake cha mwaka 1915. Alionyesha kuwa ni matayarisho ya mwili kwa ajili ya kupigana au kukimbia.

Mbele ya chui matayarisho haya yanafaa sana. Taabu ni kwamba mwili huyaanzisha vilevile mtu anapotazamwa na wenzake arobaini. Binadamu ni kiumbe anayeishi kwa kutegemea kundi, na kuchekwa au kukataliwa na kundi hilo ni jambo ambalo ubongo hulihesabu kuwa la hatari. Kwa hiyo mkono wa mchoraji hutetemeka, na kinywa cha mwimbaji hukauka wakati uleule anapokihitaji. Mwenye kuona dalili hizi hudhani zinathibitisha kwamba hana kipaji. Kwa kweli zinathibitisha tu kwamba tezi zake zinafanya kazi.

Kwa nini kukimbia huikuza hofu

Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyeambiwa asome shairi lake mbele ya darasa. Anasema kichwa kinamuuma, naye anaruhusiwa kukaa. Mara moja moyo unatulia na anapata nafuu. Nafuu hiyo ni tuzo, na ubongo hujifunza upesi jambo lolote linaloleta tuzo. Safari ijayo atakwepa mapema zaidi. Isitoshe, kwa kuwa hakusoma, hakupata nafasi ya kuona kwamba darasa lingesikiliza, au kwamba kicheko kidogo kingepita bila kumdhuru. Hivyo hofu hubaki na nguvu zake zote, nayo huonekana kuwa ya haki.

Yaliyoonekana katika majaribio

Mwaka 1924 mtaalamu wa saikolojia, Mary Cover Jones wa Marekani, alitoa taarifa juu ya mtoto wa karibu miaka mitatu aliyeitwa Peter katika maandishi yake. Mtoto huyu alimwogopa mno sungura. Jones alimweka sungura katika tundu, mbali, wakati Peter akila chakula alichokipenda, kisha akamsogeza karibu kidogo kidogo. Siku nyingine watoto wasiomwogopa sungura walikuwapo chumbani. Mwishowe Peter alimpapasa sungura kwa mkono wake mwenyewe. Baadaye daktari wa Afrika Kusini, Joseph Wolpe, aliipanga njia ya namna hii kuwa tiba kamili, akaieleza katika kitabu mwaka 1958. Mgonjwa huandika ngazi ya mambo anayoyaogopa, kuanzia dogo hadi kubwa, na hupanda kidato kimoja kimoja akiwa ametulia.

Inafaa kujua kwamba hofu iliyopungua kwa njia hii haikufutwa. Ivan Pavlov wa Urusi, katika majaribio yake maarufu juu ya mbwa, aliona kuwa mwitiko uliokwisha kuzimika huweza kurudi baada ya kupumzika. Mafunzo mapya huwekwa juu ya yale ya zamani bila kuyaondoa. Kwa hiyo msanii aliyezoea jukwaa anaweza kushikwa tena na hofu akiwa mahali pageni au baada ya kukaa muda mrefu bila kuimba. Hilo si dalili kwamba juhudi zake zilipotea. Anahitaji kurudia vidato vichache, na mara hii hupanda kwa haraka zaidi.

Jambo la pili ni athari ya watazamaji. Mwaka 1969 Robert Zajonc na wenzake walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa kutumia mende. Mende walitakiwa kukimbia mwanga. Katika njia iliyonyooka, walikwenda kwa kasi zaidi walipotazamwa na mende wenzao kuliko walipokuwa peke yao. Lakini katika njia yenye kona, ambayo ilidai kujifunza, kutazamwa kuliwachelewesha. Zajonc alikuwa ameeleza mwaka 1965 kwamba kuwapo kwa wengine huamsha mwili, na mwili ulioamshwa hufanya vizuri zaidi jambo lililozoeleka, na vibaya zaidi jambo ambalo bado ni geni. Funzo lake kwa mwanafunzi wa sanaa ni wazi: jifunze kwanza mahali pa faragha au mbele ya rafiki mmoja, na uende mbele ya wengi wakati mkono umekwisha zoea kazi.

Jambo la tatu ni jina tunaloupa msisimko wenyewe. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks aliwataka watu waimbe mbele ya wengine. Waliojiambia kabla ya kuimba kwamba wana shauku waliimba kwa usahihi zaidi kuliko waliojiambia kwamba wana wasiwasi. Moyo hudunda kwa furaha kama udundavyo kwa hofu, na ni rahisi kubadili maana ya mdundo kuliko kuuzima.

Mazoezi huubadili ubongo

Watu wengi hudhani kwamba baada ya utoto ubongo haubadiliki tena. Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani walitangaza matokeo ya kuwafundisha watu wazima kurusha na kudaka mipira mitatu kwa zamu. Picha za ubongo zilizopigwa baada ya miezi mitatu zilionyesha kwamba sehemu zinazohusika na kuona vitu vinavyokwenda zilikuwa zimeongezeka. Walipoacha mazoezi kwa miezi mitatu mingine, ongezeko hilo lilipungua. Basi umri peke yake si kizuizi, lakini stadi mpya hudai kurudiwa.

Mifano miwili ya kwetu

Siti binti Saad alizaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, katika ukoo maskini wenye asili ya utumwa. Alikuwa akitembeza vyungu na kuvinadi kwa sauti. Mnamo mwaka 1911 alihamia mjini, akiwa mtu mzima, akajifunza muziki na uimbaji wa taarabu. Wakati huo taarabu ilikuwa sanaa ya wakubwa, iliyopigwa na wanaume, na yeye alikuwa mwanamke wa shamba. Mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wapigaji wenzake kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea pwani yote. Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

Edward Said Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 kusini mwa Tanzania. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha kazi za nyumbani mjini Dar es Salaam. Alianza kuchora mwaka 1968, akiwa na miaka ipatayo 36, bila ya kupita chuo cha sanaa. Alitumia mbao laini za kuezekea dari na rangi za baiskeli, yaani vitu alivyoweza kuvipata. Alifariki mwaka 1972. Miaka minne hiyo ilitosha kuanzisha mtindo wa uchoraji unaoitwa kwa jina lake hadi leo.

Wote wawili walianza kwa kidato kilicho karibu: Siti kwa sauti aliyokwisha izoeza njiani, na Tingatinga kwa ubao na kopo la rangi.

Jaribio la darasani

Wanafunzi watano au sita wanaojitolea wahesabu mapigo ya moyo kifundoni mwa mkono kwa sekunde 30, kisha wazidishe kwa mbili. Wahesabu wakiwa wamekaa kwa utulivu, tena mara tu kabla ya kusimama kusoma aya moja mbele ya wenzao, na tena dakika tano baada ya kumaliza. Jaribio lirudiwe kwa siku tano, kwa aya ileile na darasa lilelile, na matokeo yachorwe katika grafu. Je, tofauti kati ya hesabu ya kwanza na ya pili inapungua siku hadi siku? Siku ya sita darasa jingine likaribishwe kusikiliza. Grafu inaonyesha nini?

Mwalimu asimlazimishe mwanafunzi yeyote, na kicheko cha dharau kipigwe marufuku, kwani tukio moja la kudhalilishwa laweza kufundisha hofu ya miaka mingi. Kazi ya mwanzo isipewe alama. Na mwanafunzi ambaye hofu humzuia kulala, kula au kuhudhuria masomo apelekwe kwa daktari, maana hofu ya kiasi hicho inahitaji matibabu.

Atakayetaka kuanza leo na achukue karatasi, aandike ngazi yake mwenyewe yenye vidato sita au saba: cha chini kiwe kuchora au kuimba peke yake kwa dakika kumi, na cha juu kiwe kile anachokiogopa zaidi. Kidato cha kwanza kifanywe kila siku mpaka kiwe cha kawaida, ndipo apande cha pili.